Mjane, Mgane na Dole Gumba: Niliyoyaona Nikiwa Mzee wa Baraza

Baada ya kustaafu ualimu nilikaa miaka kadhaa nikiwa mzee wa baraza katika mahakama moja ya mwanzo mkoani Kagera. Wapo wanaodhani mzee wa baraza anawekwa pale kumsindikiza hakimu. Enzi zangu haikuwa hivyo hata kidogo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ilitaka hakimu wa mahakama ya mwanzo akae na washauri, yaani sisi wazee wa baraza, wasiopungua wawili, na ikitokea tofauti kati yao, uamuzi ulikwenda kwa kura ya walio wengi. Hakimu alikuwa na kura yake, na kila mmoja wetu alikuwa na yake. Mimi na mwenzangu tukikubaliana, hakimu aliyesomea sheria aliweza kushindwa na mwalimu mstaafu na mkulima wa kahawa. Nilipoapishwa hilo lilinikosesha usingizi. Nikatafuta nakala ya Katiba, nikawa naisoma jioni kwa kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nikiandaa masomo.

Ibara ya 13 inaanza hivi: "Watu wote ni sawa mbele ya sheria, na wanayo haki, bila ya ubaguzi wowote, kulindwa na kupata haki sawa mbele ya sheria." Mtoto wa darasa la tano anaisoma bila kukwama. Ninayotaka kusimulia ni namna sentensi hiyo inavyopata maana au inavyopotea ndani ya chumba cha mahakama, mara nyingi kabla hukumu haijaandikwa hata mstari mmoja.

Nianze na kiti. Mahakama yetu ilikuwa chumba kimoja: meza ya hakimu, meza ndogo ya karani, mabenchi ya wasikilizaji, kizimba cha mbao kilicholegea upande mmoja, na kiti kimoja cha ziada. Mdaawa, yaani mwenye shauri, akiwa mtu wa mjini, mwenye duka au gari, kiti kile kilimfikia bila mtu yeyote kuagiza. "Karibu Mzee, keti." Mpinzani wake, aliyetembea kwa miguu tangu alfajiri, alibaki amesimama. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni heshima tuliyolelewa nayo. Lakini mtu aliyesimama saa nzima mbele ya mwenzake aliyeketi hujibu kwa kifupi, hutazama sakafu, na mwisho huonekana kama anaficha jambo. Nimewaona wakweli wakionekana waongo kwa sababu hiyo tu.

Kisha tukaletewa hakimu mpya, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Siku yake ya kwanza aliagiza kiti kile kipelekwe kwa karani, wadaawa wote wakae benchi moja na wote wasimame wanapozungumza, isipokuwa mgonjwa, mjamzito au mzee sana. Akawa anawaita wote "Bwana" na "Bi" kwa majina yao kamili. Hata yule aliyezoea kuitwa "wewe mama". Baada ya muda nikawa nawasikia wanawake wakitoa maelezo marefu, yenye tarehe, bei na majina ya mashahidi. Maelezo hayo walikuwa nayo siku zote.

Jambo la pili ni lugha. Mahakama ya mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, na wazee wengi wa vijijini kwetu wanakifahamu kwa kukisikia tu. Karani ndiye aliyetafsiri. Babu mmoja alidaiwa fidia ya migomba iliyoliwa na ng'ombe. Alijitetea kwa Kihaya kwa muda mrefu: ng'ombe hawakuwa wake, alikabidhiwa awachunge na mtoto wa mdai mwenyewe, na ua ulivunjwa na mdai alipokuwa akipitisha magunia ya kahawa. Karani akamgeukia hakimu: "Anakubali ng'ombe walikuwa kwake."

Hakimu hakuwa mtu wa kwetu, hakujua kilichomwagika njiani. Nikaomba babu arudie, sentensi moja moja, na kila moja itafsiriwe na kuandikwa. Karani alikasirika kidogo, maana mashauri ya siku ile yalikuwa mengi. Lakini Katiba ile ile, ibara ndogo ya 6 ya ibara ya 13, inasema mtu ambaye haki na wajibu wake unaamuliwa ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Babu yule alikuwa ametimiziwa kila hatua ya utaratibu: kaitwa, kafika, kapewa zamu yake ya kusema. Mahakama ilikuwa haijamsikia.

Kuahirisha nako kuna mambo yake, ingawa sitakaa hapo sana. Sentensi moja inawaahirishia wote wawili tarehe ile ile. Mmoja anaondoka kwa pikipiki yake. Mwingine ametoka kisiwani, na boti ya kurudi haipo mpaka kesho kutwa. Akikosa kufika, shauri lake linafutwa kwa kutohudhuria. Hakimu wetu alianza kupanga mashauri ya watu wa visiwani kufuata siku za boti. Mwenye duka mmoja alilalamika kwamba huo ni upendeleo. Sikukubaliana naye wakati ule na sikubaliani naye leo: yeye hakupoteza chochote, na mwenzake alipata nafasi ambayo yeye alikuwa nayo tangu mwanzo.

Lakini shauri lililonifundisha kuliko yote lilikuwa la mirathi.

Marehemu aliacha mjane, mabinti watatu, nyumba, na kibanja cha migomba na kahawa. Kwa asiyetoka kwetu nieleze: kibanja ni zaidi ya shamba. Nyumba imo humo, chakula kimo humo, na makaburi ya wazee yamo humo humo. Mhaya akikuambia kibanja cha ukoo anakueleza yeye ni nani. Kwa hiyo siwachukulii watu wa ukoo kuwa ni wezi kila wanapokitetea. Wana hofu ya kweli, kwamba siku moja mgeni atalima juu ya makaburi ya babu zao.

Mdogo wa marehemu ndiye aliyeleta maombi ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi, akaambatisha muhtasari wa kikao cha ukoo. Karatasi mbili za daftari, mwandiko mzuri, ajenda zimepangwa, waliohudhuria wameorodheshwa, mhuri wa kijiji chini. Jina la mjane lilikuwa la mwisho kwenye orodha, na mbele yake alama ya dole gumba kwa wino wa mhuri.

Hakimu akamuuliza, "Bi, una pingamizi lolote juu ya maombi haya?"

"Sina, Mheshimiwa."

Shemeji yake alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Kwa utaratibu, mambo yangeishia pale. Swali limeulizwa, jibu limetolewa, karani ameandika. Hakimu akatugeukia kama tuna maswali. Nikaomba kwanza mwombaji akae upande wa pili wa chumba, kisha nikamuuliza yule mama kwa sauti ya kawaida, kama tunaongea kisimani.

"Mama, karatasi hii ulisomewa na nani kabla hujaweka dole?"

Akakaa kimya kidogo. "Sikusomewa, Mwalimu. Niliambiwa ni mahudhurio ya matanga."

"Kikao chenyewe ulikaa?"

"Nilikuwa jikoni. Wageni walikuwa wengi. Nilipopeleka chai walinyamaza mpaka nikatoka."

Hakimu akamuuliza tena, polepole, kama ana pingamizi. Safari hii alijibu kwamba hajui apinge nini, anaomba asomewe kwanza. Karani akasoma muhtasari wote kwa Kiswahili, mimi nikarudia kwa Kihaya. Ulisema kibanja kiwe chini ya mdogo wa marehemu. Mabinti wawe na haki ya kula matunda ya kibanja wakiwa hawajaolewa. Mjane aendelee kukaa kwa hisani ya ukoo. Tulipofika kwenye neno hisani, yule mama alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili akasema, "Ile kahawa ya upande wa chini niliipanda mimi, mimba ya huyu wa pili ikiwa tumboni." Mahakama nzima ilitulia.

Wengi vijijini hawajui kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wanaostahili na kurudisha hesabu mahakamani. Hawi mwenye mali kwa kuteuliwa. Wapo wasiolijua hilo, na wapo wanaolijua vizuri na kulinyamazia.

Tulipokwenda kujadiliana, mzee mwenzangu wa baraza alizungumza kwanza. Alikuwa mtu mwadilifu. Sijawahi kumshuku kupokea hata senti. Akasema, "Mwalimu, hapa hakuna ubaguzi. Mila hii haijamlenga mama huyu. Wajane wote wa kwetu wako hivyo, mke wa tajiri na mke wa maskini. Sheria ni moja kwa wote."

Na hakuwa anabuni. Mwaka 1963 Serikali ilitangaza kanuni za sheria za mila, na sura ya urithi ilipanga watoto kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wa kiume waliobaki la pili, wa kike la tatu. Kanuni ya 20 ilisema wanawake wanaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo wataitumia tu bila haki ya kuiuza, labda ukoo uwe hauna mwanamume. Kanuni ya 27 ilimnyima mjane sehemu ya urithi kama marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake likawa kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Nikamuuliza, "Mzee, na mgane je? Mke akifa, nani humwita mume kwenye kikao akamwambia atakaa kwa hisani?"

Akacheka kwanza, akidhani natania. Kisha akanyamaza, na nilimwona akilifikiria swali hilo kwa uzito. "Mgane yuko kwake," akasema.

Mpaka leo hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Kanuni inaweza kuwagusa wajane wote kwa kipimo kimoja bila kumpendelea yeyote kati yao, na bado ikawa ya kibaguzi, kwa sababu mtu wa kulinganishwa na mjane hakai kwenye kundi la wajane. Anakaa upande wa pili wa ndoa ile ile. Wawili walioishi nyumba moja, wakalima shamba moja, wakazaa watoto walewale: kifo kikimchukua mmoja, aliyebaki anakuwa mwenye nyumba au mgeni kutegemea ni mume au ni mke. Usipouliza habari za mgane hutaona kitu, utaapa kwamba sheria ni moja kwa wote, na utakuwa unasema unachokiamini.

Hakimu alitusikiliza, kisha akatueleza kwamba swali hilo lilishaamuliwa, tena kwa kesi iliyoanzia mkoani kwetu. Bi Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akidai mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya wilaya ikageuza uamuzi huo. Rufani ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, naye Februari 1990 akaamua kwamba kanuni ya kumzuia mwanamke kuuza wakati mwanamume wa ukoo huo huo anaruhusiwa inapingana na Katiba.

Mnapaswa kujua mazingira ya uamuzi huo ili muone ujasiri wake. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, na hazikuanza kudaiwa mahakamani hadi Machi 1988, miezi michache tu kabla Bi Holaria hajauza. Tena wakati huo jinsia ilikuwa haijatajwa kwenye orodha ya sababu za ubaguzi zilizokatazwa. Iliongezwa mwaka 2000. Jaji alisimama juu ya maneno mapana ya ibara ya 13 na mikataba ya kimataifa ambayo nchi ilikuwa imetia saini.

Lakini kilichomgusa mzee mwenzangu kilikuwa kingine, nami kilinigusa. Jaji hakuufuta ukoo. Alimpa mpwa yule miezi sita ya kulikomboa shamba kwa kurudisha shilingi 300,000. Akishindwa, linabaki kwa mnunuzi. Mwanamume akiuza, ukoo una nafasi ya kukomboa; na mwanamke akiuza, ni hivyo hivyo. Hofu ya ukoo ilisikilizwa ikapewa njia yake, ila njia hiyo haikupita tena mgongoni mwa wanawake peke yao. "Hapo naelewa," mzee akasema. "Hilo naweza kulieleza nyumbani."

Kuhusu kahawa ya upande wa chini, hakimu alitukumbusha shauri jingine, la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Nyalali. Hilo lilikuwa la talaka, si la mirathi, na sheria zake ni tofauti, kwa hiyo hatukulitumia kuamua. Ila ndilo lililokubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona alitapanya fedha alizopewa na mumewe za biashara. Nafikiri hilo nalo ni sehemu ya usawa: kanuni ilisimama kwa ajili ya wanawake wote, na matendo yake binafsi yakapimwa kama ya mtu mwingine yeyote.

Tulipiga kura. Muhtasari ule ulikataliwa kwa kauli moja. Hata mzee mwenzangu alisema karatasi isiyosomwa haiwezi kumfunga aliyeiwekea dole. Kikao kikaitishwa upya, mjane na mabinti wakiwepo na wakisema. Mwisho tuliwateua wasimamizi wawili kwa pamoja, binti mkubwa na baba yake mdogo, na sehemu ya makaburi ikaandikwa kwamba haitauzwa na upande wowote. Mjane alisema jambo hilo kabla sisi hatujalisema. Naye alikuwa na mume wake pale.

Shemeji hakuridhika, akakata rufani wilayani. Ni haki yake, na nilimweleza hivyo aliponikuta sokoni akiwa amenikasirikia. Baada ya muda yule mama alikuja nyumbani kwangu na karatasi amezifunga kwenye khanga. Ilikuwa hukumu ya rufani, kurasa nyingi, Kiingereza kitupu, kama ilivyokuwa kawaida wakati huo. Alikuwa amekaa nayo siku kadhaa akilala kwa wasiwasi na kufungasha vyombo. Nilifungua ukurasa wa mwisho nikasoma. Alikuwa ameshinda. Mwaka 2021, Bunge liliporekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, nilimkumbuka yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sitaki kuacha picha kwamba mambo yalinyooka. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walipinga kanuni zile zile za 1963 Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba zinabagua, lakini ikasita kuzifuta. Mahakama ya Rufani nayo, mwaka 2010, haikufika kwenye kiini. Iliondoa rufani kwa sababu ya kasoro ya tarehe kwenye hati. Wakapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, kwa kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona haki zao zilivunjwa. Kasoro ya tarehe tu! Na Katiba yetu, tangu marekebisho ya 2000, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Nilipoacha baraza, kanuni za 1963 zilikuwa bado vitabuni, na kila mjane alilazimika kuanza vita upya, mbele ya hakimu na wazee ambao huenda hawajawahi kusikia habari za Kashasha.

Siku hizi watu huja kwangu na muhtasari wa kikao cha ukoo kabla ya kwenda mahakamani. Nawaambia wasiweke dole wala sahihi kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti mbele yao, kwa lugha wanayoielewa, hata kama msiba bado uko ndani na wageni wanasubiri chakula. Nawaambia msimamizi wa mirathi anadaiwa hesabu, na mrithi yeyote anaweza kurudi mahakamani kuiulizia. Na kwa wale wenye uwezo wa kubadilisha fomu zetu za mirathi nina ombi moja: mbele ya nafasi ya kila dole gumba wekeni mstari wa kujazwa jina la aliyemsomea, na hakimu amwite huyo msomaji aapishwe.